Maumivu Sugu na Huduma ya Afya ya Akili Katika Kliniki za Wagonjwa wa Nje

Maumivu sugu ni maumivu yanayodumu, au kurudi mara kwa mara, kwa zaidi ya miezi mitatu. Kipimo hicho cha muda kimo katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani (WHO), lililoanza kutumika Januari 2022. Katika toleo hilo maumivu sugu yamepewa nafasi yake yenyewe kama ugonjwa, badala ya kuhesabiwa siku zote kuwa dalili ya kitu kingine. Jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa maumivu ilitoa maana ya maumivu yenyewe mwaka 1979 na kuiandika upya mwaka 2020, na mara zote mbili ilisisitiza jambo lilelile: maumivu ni ya mwili na ya hisia kwa pamoja. Mtu aliyeumwa kiuno miaka minne, halali vizuri, amepoteza hamu ya chakula na anagombana na kila mtu nyumbani, hana magonjwa mawili ya kugawana kati ya madaktari wawili. Ana ugonjwa mmoja wenye sura mbili, na kliniki inayotibu sura moja tu itamwona tena mwezi ujao akiwa na malalamiko yaleyale.

Katika kata ya Malolo, kwenye kona ya kusini-magharibi ya wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, Tanzania, chanzo cha maumivu mengi kinaonekana kwa macho. Maji ya mto Mwega humwagilia mashamba ya vitunguu, na kitunguu ni zao la kuinama. Mbegu husiwa kitaluni, miche hung'olewa na kupandikizwa mmoja mmoja, magugu hupaliliwa kwa mkono katikati ya mistari iliyobanana, kisha vitunguu hung'olewa, hukatwa majani na kujazwa kwenye magunia. Sheria ya vipimo imeweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, haijafa, na uzito unaozidi hubebwa na mgongo wa kuli kabla haujafika kwenye lori la Dar es Salaam. Upande wa Kidodi na Ruhembe kuna wakata miwa. Kwenye mbuga za Kilosa kuna wafugaji wanaotembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe. Si ajabu kwamba mgongo, kiuno, magoti na mabega ni malalamiko ya kila siku katika zahanati za eneo hili.

Duniani kote hali haitofautiani sana. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na hakuna ugonjwa mwingine unaowaondolea watu wengi zaidi uwezo wa kufanya kazi. Mwaka 1998 daktari wa akili wa Nigeria, Oye Gureje, na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa WHO uliofanyika katika kliniki za kawaida za nchi 14. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa na maumivu ya kudumu, na wenye maumivu hayo walikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kuwa na sonona au ugonjwa wa wasiwasi kuliko wasio nayo.

Kwa Tanzania, takwimu inayofaa kukumbukwa ni ya mwaka 2003. Watafiti waliwapima watu waliokuja kutibiwa katika kliniki za ngazi ya msingi jijini Dar es Salaam na wengine waliokwenda kwa waganga wa tiba asili. Kwenye kliniki, asilimia 24 walikuwa na sonona, wasiwasi au hali zinazofanana nazo. Kwa waganga walikuwa asilimia 48. Ni wachache mno waliokuja wakisema kwamba wanaumwa moyo au akili. Mlangoni mtu husema kichwa, kifua, tumbo, miguu inawaka moto, kuna vitu vinatembea mwilini. Mhudumu anayesubiri mgonjwa amwambie mwenyewe kwamba ana sonona atastaafu bado anasubiri.

Kwa nini maumivu na akili haviachani

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika makala iliyobadilisha elimu ya maumivu. Kabla yao wengi waliamini kwamba neva huupelekea ubongo taarifa ya jeraha kama ilivyo, jeraha kubwa maumivu makubwa, jeraha dogo maumivu madogo. Wao walitoa hoja kwamba ndani ya uti wa mgongo pana mahali ambapo taarifa huongezwa au kupunguzwa kabla haijapanda, na kwamba ubongo wenyewe hutuma amri za kushuka chini kufungua au kufunga. Mkulima wa Malolo anaielewa hoja hiyo haraka kuliko mwanafunzi wa udaktari, kwa sababu kila siku hushika lango la mfereji: maji ya mtoni ni yaleyale, ila yanayofika kwenye jaruba hutegemea lango limeachwa wapi.

Hofu, kukosa usingizi, upweke na kukata tamaa hulifungua lango hilo. Kemikali za serotonini na noradrenalini, ambazo huhusishwa na sonona, ndizo pia zinazotumiwa na ubongo kupunguza taarifa za maumivu zinazopanda. Kwa njia hiyo sonona huongeza maumivu, na maumivu huzaa sonona, bila mgonjwa kudanganya wala kujifanya. Maumivu yakidumu, neva za uti wa mgongo zenyewe huwa nyepesi kushtuka: mguso wa kawaida huuma, na sehemu inayouma hutanuka kupita mahali palipoumia mwanzo. Jambo hili lilionyeshwa na Clifford Woolf mwaka 1983, na linaeleza kwa nini picha ya eksirei inaweza kuwa safi kabisa huku mgonjwa akishindwa kuinuka kitandani. Maneno "hauna kitu", yanayosemwa kwa nia njema baada ya vipimo, humfikia mgonjwa kama tuhuma. Afadhali aambiwe kwamba vipimo havijaonyesha ugonjwa wa hatari, na kwamba maumivu yake ni ya kweli na yanaweza kupungua.

Ziko pia historia ambazo mwili huzibeba. Wilaya ya Kilosa imepitia mapigano ya wakulima na wafugaji, na mabaya zaidi yalitokea Rudewa Mbuyuni Desemba 2000, watu 38 walipouawa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya mto Mkondoa yalibomoa nyumba na kung'oa reli, na maelfu ya watu walihamia kwenye mahema. Anayeishi na kumbukumbu za namna hiyo hukaza misuli usiku kucha bila kujua. Kichwa na shingo huuma mfululizo, na hakuna kidonge cha maumivu kinachofika kwenye chanzo chake. Mwanamke anayepigwa nyumbani naye huja na kichwa na tumbo la chini. Swali la usalama wake linapaswa kuulizwa faragha, na lisiulizwe mbele ya mume aliyemsindikiza.

Morogoro iliwahi kuanza

Huduma ya akili katika Tanganyika ilianzia mbali na watu. Wajerumani waliwaweka wagonjwa Lutindi, katika milima ya Usambara. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Kwa miongo mingi matibabu ya akili yalimaanisha safari ya kwenda huko, mara nyingi chini ya ulinzi, na jina la Mirembe likawa tusi la mitaani. Mtu mwenye kiuno kinachouma hakuwa na sababu yoyote ya kujihesabu miongoni mwa wanaohitaji daktari wa aina hiyo, na mpaka leo akiambiwa aende kumwona huamini kwamba ameitwa mwendawazimu.

Mwaka 1980, kwa msaada wa WHO na serikali ya Denmark, Tanzania ilianza mpango wa taifa wa afya ya akili uliojaribiwa kwanza katika mikoa miwili, Kilimanjaro na Morogoro. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitenda: watumishi wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kutambua na kutibu magonjwa ya akili na kifafa hukohuko vijijini, na hospitali kubwa zibaki na wagonjwa wachache wanaozihitaji kweli. Mpango huo ulikuja miaka miwili baada ya mkutano wa Alma-Ata, na ulitangulia kwa karibu miaka thelathini mpango wa WHO wa mwaka 2008 unaojulikana kama mhGAP, ambao kimsingi unasema yaleyale. Wafadhili walipoondoka mafunzo yalififia, dawa zikaadimika, na waliofundishwa wakahamishwa au kustaafu. Lakini hoja yenyewe haikushindwa popote. Kwa mwenye maumivu sugu ina nguvu zaidi kuliko kwa mwenye skizofrenia, kwa sababu huyu wa maumivu tayari yuko kwenye benchi la zahanati, na amekuja kwa miguu yake.

Jiografia inaongeza uzito. Kutoka Malolo, hospitali ya wilaya iko Kilosa mjini: mgonjwa hutoka hadi barabara kuu ya Tanzania na Zambia kwenye bonde la mibuyu, hushuka Mikumi, kisha hukata tena kaskazini. Njiani iko Hospitali ya Mtakatifu Kizito ya Mikumi. Wengine huona nafuu kuelekea upande wa Iringa. Kwa mtu ambaye kukaa kwenye basi kunamuumiza, nauli ya kwenda na kurudi ikiwa ni pesa ya mbolea, rufaa ni dawa inayopaswa kutolewa kwa kipimo. Mengi ya yanayoelezwa hapa yanaweza kufanywa na afisa tabibu na muuguzi katika ngazi ya kata, wakisimamiwa na mratibu wa afya ya akili wa wilaya kwa simu na kwa ziara.

Daftari na mahudhurio ya kwanza

Wagonjwa wengi wa nje huja na daftari la shule linalotumika kama faili. Daftari la mwenye maumivu sugu hujulikana kwa kulipekua tu. Kila ukurasa una mwandiko tofauti na dawa ileile: diklofenaki siku tano, panado siku tano, diklofenaki tena, sasa pamoja na dawa ya vidonda vya tumbo kwa sababu ya ile ya kwanza. Mahali fulani pana dawa mseto ya malaria iliyotolewa ingawa kipimo kilikuwa hasi. Pana sindano za vitamini. Kinachokosekana katika kurasa zote ni tarehe ya kurudi. Kila mhudumu aliandika kana kwamba mgonjwa ameanza kuumwa jana.

Kazi ya kwanza ni kuhakikisha hakuna ugonjwa unaojificha nyuma ya maumivu. Homa za jioni, kukonda na jasho la usiku kwa mwenye maumivu ya mgongo huelekeza kwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo. Miguu kulegea, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya siku hiyohiyo. Kwa wafugaji na wote wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, maumivu ya viungo yenye homa ya kuja na kuondoka yawafanye wahudumu wafikirie bruselosi. Kijana anayepatwa na vipindi vya maumivu makali ya mifupa apimwe selimundu. Nyayo zinazowaka moto zina sababu zake: kisukari, virusi vya UKIMWI vyenyewe, dawa ya kuzuia kifua kikuu ya isoniazidi iliyomezwa bila vitamini B6, na kwa waliotumia ARV za zamani, stavudini, ambayo WHO ilishauri iachwe mwaka 2009 lakini madhara yake kwenye neva hayakuondoka kwa wote. Ukaguzi huu ufanywe mara moja na kwa ukamilifu, kisha matokeo yaandikwe. Kurudia vipimo kila mwezi ili kumridhisha mgonjwa humthibitishia kwamba kuna kitu ambacho hakijaonekana.

Baada ya hapo huja maswali ya moyo, na namna ya kuyaanza ni kupitia mwili. Mhudumu kijana aliyemwamkia mama mtu mzima shikamoo na kusubiri marahaba yake amekwisha kufungua mlango. Hamuulizi kama ana msongo wa mawazo. Humuuliza: "Mama, maumivu haya yamekunyima nini?" Jibu huja lenyewe: shamba limekodishwa, mjukuu habebeki, kanisani au msikitini hafiki, usiku anakaa kitandani akisikiliza jogoo. Swali linalofuata, "ukiamka asubuhi, kitu gani cha kwanza kinakujia kichwani?", hutenganisha aliyechoka na aliyekata tamaa.

Dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa na alama kuanzia 0 hadi 27, lina tafsiri ya Kiswahili na limekwisha kutumika katika tafiti nchini. Alama 10 na kuendelea hudai uchunguzi wa sonona. Kwa mwenye maumivu lisomwe kwa uangalifu, kwani usingizi, uchovu na hamu ya chakula huharibiwa na maumivu yenyewe hata pasipo sonona. Uzito uwekwe kwenye maswali mawili ya mwanzo, yaani kukosa raha katika mambo aliyoyapenda na kujisikia mnyonge, na kwenye swali la mwisho, la kujidhuru.

Swali hilo la mwisho ndilo linalorukwa zaidi na ndilo lisilostahili kurukwa. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Hatari yake Malolo ni ya wazi, kwa sababu kilimo cha vitunguu kinategemea viuatilifu vya kupulizia, na viuatilifu mara nyingi hukaa uvunguni mwa kitanda. Duniani kote sumu za mashambani ni miongoni mwa njia zinazoua wengi katika kujiua, na mara nyingi uamuzi wenyewe huwa wa dakika chache. Kabati lenye kufuli, au chupa kuhifadhiwa kwa jirani au kwenye chama cha wakulima, huokoa maisha bila daktari bingwa. Kikwazo kingine ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mgonjwa huogopa kujibu na mhudumu huogopa kuandika. Kenya ilikuwa na kifungu kinachofanana, na Mahakama Kuu yake ilikitangaza kuwa kinakiuka katiba mapema mwaka 2025. Kwa vyovyote, mgonjwa anayesema anataka kufa ni mgonjwa, na mahali pake ni kitandani chini ya uangalizi.

Dawa, na zile za kuacha

Dawa inayofaa kwanza ni ya zamani na ya bei nafuu. Amitriptilini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Ilianza kutumika kwa sonona mwanzoni mwa miaka ya 1960, na haikuchukua muda ikaonekana kwamba hupunguza maumivu ya neva, kipandauso na maumivu ya mwili mzima hata kwa asiye na sonona. Kwa maumivu, dozi ni ndogo: nusu kidonge cha miligramu 25 saa moja au mbili kabla ya kulala, ikipandishwa polepole kila baada ya wiki moja au mbili hadi 25, 50, au 75. Sonona kamili huhitaji zaidi ya hapo. Usingizi hurudi ndani ya siku chache. Maumivu huchukua wiki mbili hadi nne.

Hapa ndipo matibabu mengi hufia, na kosa haliko kwenye dawa. Mgonjwa hakuambiwa. Siku ya pili mdomo umekauka, asubuhi kichwa kizito, choo kigumu, na maumivu yako palepale. Dada yake amesoma kwenye karatasi ya dawa kwamba ni ya "wagonjwa wa akili". Vidonge hutupwa. Dakika tatu za maelezo kabla ya kuandika dawa huleta tofauti: kwamba dawa ileile hutumika kwa kazi mbili, kwamba mdomo utakauka na hali hiyo hupungua, kwamba isihukumiwe kabla ya mwezi kwisha. Wazee wenye matatizo ya tezi dume, presha ya macho au moyo wapewe kwa tahadhari. Na kwa kuwa amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja husimamisha moyo, mwenye mawazo ya kujiua apewe ya wiki moja tu, tena ikae mikononi mwa ndugu.

Fluoksetini, miligramu 20 asubuhi, hutibu sonona vizuri na ni salama zaidi, ila kwa maumivu yenyewe haisaidii sana. Maumivu ya umeme usoni hujibu kabamazepini, na mhudumu akumbuke kwamba dawa hiyo hudhoofisha dolutegraviri, iliyo katika kidonge cha ARV kinachotumika sasa nchini, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango.

Orodha ya dawa za kuacha ni ndefu zaidi. Diklofenaki ya miezi na miezi hutoboa tumbo, huua figo na kupandisha presha. Tangu maduka ya dawa muhimu yaanze Ruvuma mwaka 2003 na kuenea Morogoro miaka michache baadaye, dawa za maumivu zimekuwa karibu na watu, jambo jema kwa homa ya usiku na baya kwa anayezinunua kila wiki. Sindano za vitamini zimekatazwa waziwazi katika mwongozo wa mhGAP kwa malalamiko ya aina hii, na bado zinachomwa kila siku, kwa kuwa mgonjwa anazilipia kwa furaha. Diazepamu huleta usingizi kwa wiki chache na utegemezi kwa miaka. Tramadoli kwa maumivu sugu yasiyo ya saratani huishia palepale, na ikichanganywa na fluoksetini au amitriptilini huweza kuleta degedege. Saratani ni habari nyingine. Mwenye maumivu ya saratani anastahili mofini ya kunywa, na anayemnyima kwa hofu ya uteja anamtesa bure. Uganda, tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, imeonyesha kwamba mofini inaweza kutolewa kijijini, hata na wauguzi waliofundishwa.

Kazi isiyo ya vidonge

John Bonica, aliyefungua huko Seattle, Marekani, kliniki iliyowaweka daktari wa usingizi, wa neva na wa akili chumba kimoja, alikuwa mwanamieleka wa kulipwa kabla ya kuwa daktari bingwa, na aliishi na maumivu ya viungo hadi uzeeni. Mwenzake Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia, alieleza mwaka 1976 kanuni ambayo haihitaji jengo lolote: mtu anayefanya kazi mpaka aumie, kisha akalala siku tatu, hufundisha mwili wake kuogopa kazi. Afanye kwa saa, asifanye kwa maumivu.

Kwa mpanda vitunguu hiyo ina maana ya wazi. Ainame dakika ishirini, asimame na kunyoosha mgongo dakika tano, hata kama siku hiyo anajisikia vizuri, hasa siku hiyo. Wiki inayofuata dakika ishirini na tano. Kitanda si tiba ya mgongo. Miongozo ya kimataifa, ukiwamo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, imekubaliana kuhusu mazoezi, elimu na tiba ya kisaikolojia, na imekataa mikanda ya kubana kiuno inayouzwa kila gulio.

Mazungumzo ya tiba nayo hayadai bingwa. Huko Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha wanavijiji wa Rakai na Masaka wakipata nafuu kubwa ya sonona kwa vikundi vilivyoongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kulishughulikia tatizo moja baada ya jingine, mpango ambao umekwisha kufika Zanzibar. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Kilosa ni watu wa aina hiyohiyo: wanajua nani anadaiwa, mtoto wa nani ameacha shule, nyumba gani haina amani. Sehemu kubwa ya tiba ya maumivu sugu ni kulichukua tatizo moja linaloweza kutatuliwa, mathalani deni la mbolea, na kulitatua kabla ya kugusa jingine.

Mganga wa tiba asili yumo katika hesabu hiyo, apende au asipende daktari. Sheria ya mwaka 2002 inamtambua. Asilimia 48 ile ya Dar es Salaam inasema kwamba wenye msongo humpendelea, pengine kwa sababu huwapa muda na humwita mgonjwa pamoja na ndugu zake. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, wengi wao wakiwa na magonjwa sugu. Kliniki inayocheka mambo hayo humfanya mgonjwa afiche. Kliniki inayouliza bila kejeli hujua mapema kama kuna chale zilizooza au dawa ya mitishamba inayogombana na vidonge.

Mahudhurio yanayofuata na rufaa

Tarehe ya kurudi iandikwe daftarini kabla mgonjwa hajasimama: wiki mbili, kisha mwezi, kisha kila miezi miwili, maumivu yawepo au yasiwepo. Mgonjwa anayejua ataonwa hata akiwa mzima haoni faida ya kuumwa zaidi ili aonwe. Aonwe na mtu yuleyule kila inapowezekana, na kinachopimwa kiwe kazi: amelala saa ngapi, amelima matuta mangapi, amefika sokoni au la. Kiwango cha maumivu kwa namba kutoka 0 hadi 10 hubadilika kidogo sana kwa watu wengi, hata kwa wale waliorudi shambani. Siku ya kliniki ifuate msimu. Wakati wa kupandikiza hakuna atakayekuja asubuhi ya Jumatatu.

Anayepelekwa mbele, Mikumi, Kilosa au hospitali ya rufaa ya mkoa Morogoro, ni yule mwenye nia ya kujiua isiyotulia, mwenye kusikia sauti au imani zisizo za kawaida kuhusu mwili wake, mwenye sonona isiyoguswa na dozi kamili kwa wiki nane, mwenye utegemezi wa dawa au pombe, au mwenye dalili za hatari zilizotajwa hapo juu. Barua ya rufaa itaje vipimo vilivyokwisha kufanywa na majibu yake, ili visirudiwe kwa gharama ya mgonjwa. Itaje dawa zote kwa dozi na tarehe, zikiwamo za dukani na za mganga. Iseme pia kwamba mgonjwa atarudi kuendelea na matibabu katika zahanati yake, na iombe majibu kwa maandishi. Anaporudi, dawa mpya huandikwa kwenye daftari lilelile, ile iliyosimamishwa hukatwa kwa mstari mmoja unaosomeka, na siku ya kuonana tena hupangwa ndani ya wiki mbili.